Kabla ya Kuandika Tulichosikia: Kutambua na Kupima Bafle za Zamani

Hapa Lubumbashi neno ni bafle. Kamusi za Kiswahili sanifu zinatupa kipaza sauti, lakini neno hilo linabeba vitu viwili vinavyofanya kazi kinyume: kile unachosemea na kile unachosikilizia. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi wameukwepa utata huo kwa kusema spika. Sisi tumechukua bafle kutoka Kifaransa, na Kifaransa nacho kililipata kutoka Kiingereza, ambako halikuwa na maana ya sanduku zima bali ya ubao tu, ubao wa kuzuia. Nitaurudia ubao huo, maana unaeleza mambo mengi. Katika makala hii bafle ni sanduku lote, na spika ni kila kifaa chenye sumaku na koni kilichofungwa ndani yake. Bafle ya kawaida ina spika mbili: kubwa ya sauti nzito, ambayo mafundi huiita wufa, na ndogo ya sauti nyembamba, twita. Pengine kuna ya tatu kati yao.

Kwa nini jarida la kitivo cha lugha lijishughulishe na masanduku ya mbao? Kwa sababu sehemu kubwa ya data yetu hupita humo kabla haijafika kwenye karatasi. Tunazo kaseti za mahojiano za miaka ya 1970 na 1980, nasi huzisikiliza kwa pamoja, watu sita au wanane mezani, mara nyingine tukiwa na mzee aliyekubali kuja kutufafanulia maneno. Vifaa vya masikioni havifai katika kikao cha namna hiyo. Tunahitaji bafle, na bafle nzuri mpya haziko katika uwezo wa mfuko wa mwanafunzi. Zinazobaki ni zile za okazyo, zinazoshuka kutoka Ulaya pamoja na friji na baiskeli.

Mfano ninaoujua ni huu. Katika Kiswahili cha hapa, s inayofuatwa na i hugeuka mara kwa mara kuwa sh: mtu husema shiye mahali ambapo mwenzake anasema siye au sisi. Nani anasema ipi, katika umri gani, akiongea na nani, hilo ni swali la kutosha memuari nzima. Vikundi viwili vya darasa letu vilinakili kaseti ileile, katika chumba kimoja, kimoja kimekaa kushoto na kingine kulia, mbele ya bafle mbili za kuazima. Kikundi cha kulia kiliandika siye karibu kila mahali. Cha kushoto kiliandika shiye mara nyingi mno. Kwa majuma mawili tulibishana kinadharia: athari ya Kiluba, uzoefu wa anayenakili, mazoea ya nyumbani kwake. Kisha mwenzetu mmoja anayepiga muziki kanisani akaweka sikio lake karibu na twita ya kushoto. Ilikuwa kimya kabisa.

Ukijua sauti zenyewe zimeundwaje, hutashangaa. F, s na sh ni mvumo wa hewa tu. Kinachozitenganisha ni mahali mvumo unapokusanyika. Katika sh nguvu kubwa huanzia karibu na hezi 2,500. Katika s hupanda juu ya hezi 4,000 na kuendelea hadi 8,000 au zaidi. F ni dhaifu, imetawanyika. Simu ya mtindo wa kawaida hukata karibu kila kitu kilicho juu ya hezi 3,400, na ndiyo sababu tukitaja jina kwenye simu tunalazimika kusema “s ya Samweli, f ya Fatuma”. Bafle yenye twita iliyokufa hufanya vivyo hivyo bila kukuonya. Muziki unaendelea, besi inapiga, maneno ya mzee yanaeleweka. Ni s tu iliyokatwa kichwa, na kipande kinachobaki kinafanana na sh.

Tangu siku hiyo naiona bafle kama msemaji yeyote tunayemhoji. Kwanza tunauliza ametoka wapi, kisha tunampima, ndipo tunaandika anachosema.

*

Tuanze na asili. Jozi niliyoinunua katika soko la Kenya (wageni wasishangae: Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, tena mkubwa) haikuwa na jina. Nyuma ya kila sanduku palikuwa na alama ya gundi tu, mahali karatasi ya kiwanda ilipokuwa imebandikwa. Muuzaji alisema ni za Ujerumani, wati 200. Kwa muuzaji, bafle zote za Ulaya ni za Ujerumani na zote ni wati 200.

Cha kwanza cha kutazama ni mlango wa waya. Bafle nyingi za Ujerumani, Uholanzi na nchi jirani za miaka ya 1960 na 1970 zina plagi ndogo ya ncha mbili zisizofanana: moja bapa katikati, nyingine ya mviringo pembeni. Plagi hiyo iliwekwa na shirika la viwango la Ujerumani, DIN, nayo ni ushahidi mzuri wa nchi na wa wakati. Ina faida nyingine: haiingii kinyume. Ncha ya mviringo ni chanya, bapa ni hasi. Wauzaji wetu huikata na kusokota waya wazi, kwa sababu ampli zinazouzwa mjini hazina tundu lake. Wakiikata, wamefuta pia habari ya waya upi ni upi, nasi tutalazimika kuitafuta upya kwa betri.

Karatasi ya nyuma ikiwapo, isome polepole. Bafle ya Kijerumani mara nyingi hutaja uwezo wa aina mbili: wa kudumu na wa muziki. Wa muziki ni mkubwa zaidi, na ndio muuzaji anaoukariri. Lakini wati za kwenye bafle hazisemi itapiga kwa nguvu gani. Zinasema inaweza kuvumilia kiasi gani kabla haijaungua. Kwa chumba cha semina chenye watu wanane, ampli ya wati 15 inatosha kabisa. Namba ya maana zaidi ni ile ya omu, 4 au 8, kwa sababu ampli iliyotengenezwa kwa omu 8 inaweza kupata joto kupita kiasi ikifungiwa omu 4, na zaidi mtu akiunganisha bafle mbili za omu 4 kwenye mlango mmoja: hapo zinakuwa 2. Namba ya DIN 45500 ukiiona, ujue kiwanda kilidai kutimiza kiwango cha Ujerumani cha vyombo vya sauti safi. Si kiwango cha juu sana kwa macho ya leo, lakini kilikuwa kiwango.

Karatasi isipokuwapo, fungua. Vuta kitambaa cha mbele kwa upole, ondoa skrubu za wufa, igeuze, usome mgongo wa sumaku. Yangu iliandikwa AD 8066/W8. Hapa mwanafunzi wa isimu anajisikia nyumbani, kwa sababu herufi hizo huchambuliwa kama kitenzi. AD ni kiambishi cha spika za Philips, kampuni ya Eindhoven, Uholanzi. Tarakimu za mwanzo zinataja kipenyo kwa inchi: 8, yaani karibu sentimita 20. Zinazofuata zinatofautisha toleo moja na jingine. Baada ya mkwaju huja kazi: W ni sauti nzito, T ni sauti nyembamba, na Sq ni ya katikati, ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kupiga kelele kama kuku (wahandisi nao wana utani wao). Tarakimu ya mwisho ni omu. Kwa hiyo twita yangu, AD 0160/T8, ni ya Philips, ya inchi 1, ya sauti nyembamba, omu 8. Ukijua kanuni hii, AD 5060/Sq8 inajieleza yenyewe hata kama hujawahi kuiona.

Hapo nilijua spika zilitoka wapi. Sanduku je? Polepole. Philips iliuza spika zake kwa viwanda vingine, na pia kwa watu waliopenda kujijengea masanduku nyumbani. Neno meza lilitoka Kireno, lakini sentensi yenye neno meza haiwi ya Kireno. Ili kusema sanduku lenyewe ni la Philips nilihitaji ushahidi mwingine: tundu la plagi, mashimo yaliyokatwa kwa mashine kwa kipimo hasa cha spika hizo, pamba ya ndani iliyokatwa sawasawa katika masanduku yote mawili, kichujio kilichofungwa kwa namna moja. Vyote vilielekea kiwandani, si karakana ya mtu binafsi. Bado nasema “yaelekea”.

Za Marekani zina njia yao ya kusomwa. Spika nyingi za huko zimepigwa mhuri wa tarakimu: tatu za kwanza ni za kiwanda, na za mwisho ni mwaka na juma la kutengenezwa. 220 ni Jensen, ya Chicago. Ukikuta 220634, ni Jensen ya juma la 34 la mwaka unaoishia na 6. Lakini 6 ipi? 1956, 1966 au 1976? Mhuri hausemi, na inakubidi ukate shauri kwa vitu vingine: aina ya sumaku, mbao, gundi, skrubu. Aliyewahi kupambana na barua isiyo na mwaka anaujua mchezo huu.

Kabla hujafunga, linganisha masanduku mawili. Jozi nyingi za sokoni ni za ndoa ya pili: masanduku yanafanana, lakini ndani upande mmoja kuna spika nyingine, kwa sababu ya kwanza iliungua katika sherehe fulani. Ukikuta wufa zenye namba tofauti, bei inapaswa kushuka, na ukubali kwamba pande mbili hazitasema kwa sauti moja. Kwangu spika zote nne zilikuwa za ukoo mmoja. Tofauti ilikuwa mahali padogo zaidi, kama tutakavyoona.

*

Sasa mikono. Koni ya wufa inashikiliwa pembeni na ukingo laini unaoiruhusu kwenda mbele na nyuma. Ukingo huo ukiwa wa mpira, au wa kitambaa kilichopakwa dawa, unaweza kuishi miaka 50. Ukiwa wa sponji, hauwezi. Sponji ya poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa na joto, hata kama bafle haijawahi kupigwa, na baada ya miaka 15 au 20 hubomoka ukiigusa kama mkate mkavu. Muuzaji anajua, na ndiyo sababu hapendi kitambaa cha mbele kiondolewe. Sisitiza. Ikiwa hakubali, ondoka. Ukingo uliooza hauui bafle, maana ukingo mpya hubandikwa kwa gundi na mtu mwenye subira, ila lazima iwe kazi iliyomo katika bei. Hewa ya Kinshasa, kwa unyevu wake wa mwaka mzima, huila sponji upesi kuliko ya kwetu yenye miezi ya kiangazi, lakini bafle haikuzaliwa Lubumbashi. Huwezi kujua ilikolala kabla.

Weka vidole vinne kwenye koni, viwili kila upande wa katikati, uisukume ndani kidogo sana, kisha uiache. Isikwaruze. Ikikwaruza, koili imegusa sumaku: imeungua, au sumaku imesogea kwa kuangushwa njiani. Hilo ni kosa la kukufanya uache kununua. Kama sanduku ni lile lisilo na tundu la hewa, tazama pia koni inavyorudi. Inapaswa kurudi kwa uvivu kidogo, kwa sababu hewa ya ndani imefungwa. Ikirudi kwa ghafla, kuna mahali panapovuja.

Hapa ndipo ule ubao wa Kiingereza unaporudi. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati uleule. Spika ikiwa wazi, mkononi, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito hufutika. Kila mtu anaweza kujaribu: toa wufa kwenye sanduku, ipige, utasikia redio ya mfukoni. Ifunge kwenye ubao mpana wenye tundu, besi inarudi. Ubao unaozuia sehemu mbili zisikutane ndio bafle ya asili; sanduku ni ubao uliokunjwa ukazunguka mgongo. Kwa hiyo sisi wa Lubumbashi tunapoita sanduku zima bafle tunalitaja kwa kazi yake, na sioni kwa nini tuone haya mbele ya kipaza sauti.

*

Kipimo cha umeme ni kifupi. Multimita ya bei ndogo, upande wa omu. Bafle ya omu 8 itaonyesha kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya omu 4 itaonyesha 3 na kitu. Usiogope kwamba ni pungufu: namba ya kiwanda ni ya umeme unaobadilika mwelekeo, na multimita inapima kwa umeme wa mwelekeo mmoja. Isipoonyesha mkondo wowote, kuna waya uliokatika au koili iliyoungua.

Lakini kipimo hiki kina udhaifu mmoja ambao mafundi wengi wa mjini hawausemi. Kabla ya twita kuna kapasita, kifaa kinachozuia umeme mzito usiifikie, na kapasita huzuia pia umeme wa multimita. Ukipima nyuma ya bafle, unapima wufa peke yake. Ile bafle ya kushoto iliyotugawa katika siye na shiye ingepita mtihani huu kwa maksi zote. Twita lazima ifunguliwe na kupimwa yenyewe, kwenye miguu yake, waya mmoja ukiwa umetenguliwa.

Betri ya volti 1.5 hukupa mwelekeo. Gusisha chanya ya betri kwenye waya mmoja wa bafle na hasi kwenye mwingine, kwa nukta moja tu, huku ukiitazama wufa. Koni ikiruka mbele, waya ulioguswa na chanya ndio chanya. Ikirudi nyuma, ni kinyume. Weka alama ya rangi. Usifanye hivyo kwenye twita moja kwa moja: uzi wake ni mwembamba, na mwendo wake hauonekani kwa macho hata hivyo. Kwangu betri ilionyesha kwamba wufa ya kulia imefungwa kinyume na ya kushoto. Mtu alishaingia humo kabla yangu.

Sasa masikio. Anza na sauti ya chini kabisa, na ampli ambayo wewe mwenyewe unaiamini, si ya muuzaji. Twita nyingi hufa kwa sababu ya ampli ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake: wimbi la sauti linakatwa kichwa na miguu, na mkato huo huzaa sauti kali nyingi ambazo hazikuwamo katika muziki, zote zikaishia kwenye ule uzi mwembamba. Ndiyo sababu bafle zilizotoka kwenye baa nina mashaka nazo kuliko zilizotoka kwenye sebule.

Kwa kupima jozi mimi hutumia rekodi ya chaneli moja yenye sauti moja na gitaa moja. Hapa kwetu hatuna haja ya kutafuta mbali. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake katika “Masanga” lina nyuzi nzito na nyembamba zinazojibizana bila kitu kingine cha kuzificha. Kaa katikati ya bafle mbili. Kwa kuwa rekodi ni ya chaneli moja, pande zote mbili zinasema kitu kilekile, na gitaa linapaswa kusimama katikati kama kuna mtu amekaa hapo. Likivutwa upande mmoja, upande wa pili una upungufu. Lisiposimama mahali popote, likaelea kama moshi, bafle moja imefungwa kinyume. Kuthibitisha, zigeuze zitazamane zikiwa karibu kugusana, kisha ubadilishe nyaya za moja tu. Katika hali moja besi inajaa. Katika nyingine inafutika, kwa sababu moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Ni jambo lilelile la ubao, safari hii kati ya masanduku mawili.

Programu za simu zinazotoa sauti ya hezi unazochagua zinasaidia, mradi usizitegemee kupita kiasi. Pandisha polepole kutoka hezi 50 hadi 300 na usikilize kama kuna kitu kinachotetemeka: skrubu iliyolegea, kitambaa, ufa. Kisha 1,000, 3,000, 6,000, 10,000, bafle moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini. Juu ya 10,000 mwombe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae kitini. Masikio hupoteza sauti za juu kadiri miaka inavyoongezeka, na nimeona mwalimu mmoja mwenye heshima zake akiihukumu kifo twita iliyokuwa nzima kabisa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakimo katika vitabu vya mafundi. Ni chetu. Niliandika orodha ya maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja: fuka, suka, shuka, fikia, sikia, faa, saa, saka, shaka, fika, shika, siye, shiye. Mwenzangu aliyasoma kwa mpangilio uliochanganywa, kila neno mara kadhaa, katika chumba kilichojaa mapazia, na simu ikarekodi. Kisha wanafunzi ambao hawakuuona mpangilio huo wakakaa mbele ya bafle moja, nyingine ikiwa imezimwa, wakaandika walichosikia. Wakapumzika, wakahamia ya pili, mpangilio mwingine. Maneno ni ya peke yake, bila sentensi, kusudi akili isipate pa kujishikiza. Katika sentensi tunasikia tunachotarajia, na bafle mbovu hujificha nyuma ya matarajio hayo.

Kwa jozi ya soko la Kenya matokeo yalikuwa wazi. Upande wa kushoto makosa yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Upande wa kulia suka iliandikwa fuka mara kwa mara, na saa ikawa faa. Twita ya kulia ilikuwa inasema. Multimita ilikwisha kuipitisha, na sikio lililobandikwa kwake lilikuwa limeisikia. Ilisema kwa unyonge tu. Katika kichujio kapasita ya kulia haikuwa ile ya kiwandani: ndogo, ya rangi nyingine, imelehemiwa kwa mkono usio na haraka ya kuonekana nadhifu. Yaelekea aliyeiweka ndiye aliyegeuza pia nyaya za wufa. Kapasita ya thamani ndogo kuliko inayotakiwa huiruhusu twita ianzie juu mno, na katikati pakabaki pengo, mahali hasa ambapo s huanza kukusanya nguvu zake.

Dawa yake haikuwa ghali. Nilisoma thamani iliyoandikwa kwenye kapasita ya kushoto, nikatafuta mbili mpya za thamani hiyohiyo, za plastiki, ambazo hazikauki kama zile za zamani zenye majimaji ndani, nikabadilisha pande zote mbili. Hata ya kushoto iliyofanya kazi niliitoa: kapasita ya miaka 40 na mpya haziendi hatua moja, nasi tunataka jozi. Nyaya za wufa ya kulia zikarudishwa mahali pake. Tulirudia orodha ya maneno kwa wasikilizaji wengine, na safari hii pande mbili zilikosea kwa kiasi kilekile, tena katika maneno yaleyale, jambo linaloonyesha kwamba makosa yaliyobaki ni ya msomaji au ya simu iliyorekodi.

Neno juu ya bei, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kwanza. Usilipe kwa jina wala kwa wati. Lipa kwa hali: ukingo mzima, koni isiyokwaruza, spika za ukoo mmoja pande zote, masanduku yasiyovimba kwa maji. Twita iliyokufa si sababu ya kukataa jozi nzuri, ikiwa namba yake inasomeka, kwa maana unajua cha kutafuta. Wufa iliyokwaruza ni sababu. Na umwombe muuzaji asikate plagi.

Bafle hizo sasa ziko katika chumba cha kusikilizia, juu ya vinara vya mbao, si sakafuni, twita zikiwa kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Sauti za juu husafiri kwa mstari mwembamba, na anayekaa chini yake au pembeni sana hupoteza s zake hata kama kila kitu ni kizima. Viti vimepangwa ipasavyo, tafadhali visihamishwe. Orodha ya maneno na rekodi yake viko katika kabati, pamoja na multimita na betri. Zile bafle za kuazima zilirudishwa kwa wenyewe, na barua fupi juu ya twita ya kushoto. Kaseti iliyotugombanisha imenakiliwa upya kutoka mwanzo: shiye zipo, tena si chache, ila nyingi zimo katika sehemu ambapo mzee anamnukuu mama yake. Kaseti tatu nyingine zilizosikilizwa katika majuma yale bado zinangoja watu.